Vijana wa ghalani wanaumia mgongo: je, mikanda na mafunzo ya kuinama vitatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msimamizi wa ghala la viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Tuna vijana 14 wa kupakia na kushusha, na akina mama tisa wa kuchambua. Msimu huu vijana watatu wameumia mgongo, na mmoja wao maumivu yanashuka mpaka unyayoni, anasema mguu una ganzi. Bosi amewanunulia wote mikanda ya kiuno na kuniagiza niwafundishe kuinama vizuri. Wakishindwa, nitafute vijana wenye nguvu zaidi. Naomba unielekeze namna ya kuwafundisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo kijana mwenye ganzi, maana yeye hawezi kusubiri nimalize maelezo yangu. Mwite pembeni leo hii, kwa kuwa haya ni mambo ya aibu kuyasema mbele za watu, umuulize: mkojo unatoka kama kawaida? Choo anaweza kukizuia? Sehemu ya kukalia na katikati ya mapaja anaihisi, au nayo imekufa ganzi? Mguu unaburuta au unazidi kuishiwa nguvu? Likiwapo hata moja kati ya hayo, mpeleke hospitali leo leo. Ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya sehemu ya chini ya mgongo imebanwa, na ikikaa hivyo muda mrefu anaweza kubaki na ulemavu. Muulize pia habari za homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, hushika hata pingili za mgongo, na nimekutana na watu waliochuliwa mgongo kwa miezi kumbe ni TB. Kama hana lolote kati ya hayo, bado aonwe na mtaalamu wiki hii, na asibebe mzigo mpaka aonwe.

Sasa swali lenyewe. Nimefanya kazi ya fiziotherapia nyanda hizi kwa miaka mingi, na karibu kila msimu wa viazi napokea swali la namna yako, na karibu kila mara linaanzia kwenye mgongo wa kijana. Mimi naomba tuanzie kwenye gunia.

Kuna kanuni ya kukadiria uzito wa kuinua kwa mikono miwili, iliyotolewa na taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, na kufanyiwa marekebisho mwaka 1991. Inaanza na kilo 23. Hizo kilo 23 ni pale kila kitu kinapokuwa kizuri: mzigo uko karibu kabisa na tumbo, uko usawa wa kiuno, una mahali pazuri pa kushika, mtu hajipindi, na anainua mara chache. Kila sharti likikosekana, kikomo kinashuka. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, kikomo kinakatwa nusu. Ukiwa chini sakafuni, unapoteza zaidi ya humusi nyingine. Hapo tayari tuko chini ya kilo 9. Akiinua mara sita kwa dakika kwa zaidi ya saa mbili, kinachobaki ni kama robo tu ya hicho kilichokuwapo. Gunia lako lina kilo ngapi? Kama ni gunia halali, halizidi kilo 100. Kama ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, unajua mwenyewe ukilipandisha kwenye mzani linasoma nini.

Kwa nini umbali una ukatili kiasi hicho? Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikumbatie tumboni. Unaweza. Sasa jaribu kuishika huku umenyoosha mikono mbele. Maji ni yale yale, lakini kiuno kinalia. Misuli inayonyoosha mgongo imekaa sentimita tano hivi tu nyuma ya katikati ya pingili. Mzigo ukiwa nusu mita mbele, misuli hiyo inalazimika kuvuta mara kumi ya uzito wake. Kilo 20 zinageuka nguvu ya kilo 200, kabla hujahesabu uzito wa kifua na kichwa chake mwenyewe vilivyoinama pamoja na mzigo. Nguvu yote hiyo inakandamiza diski, yale magodoro yaliyo kati ya pingili.

Hapo ndipo mafunzo ya "piga magoti, nyoosha mgongo" yanapokwama. Gunia la viazi ni pana, halipiti kati ya magoti. Kijana akichuchumaa, magoti yake yanalisukuma gunia mbele, umbali unaongezeka, na mgongo unaelemewa zaidi kuliko angeinama tu kama alivyozoea. Anaijua hali hiyo mwilini mwake, ndiyo maana siku mbili baada ya semina anarudi kwenye mtindo wake. Watafiti waliokusanya na kulinganisha majaribio ya mafunzo ya kuinua mizigo, wakachapisha matokeo mwaka 2008, hawakupata ushahidi kwamba mafunzo peke yake yanazuia maumivu ya mgongo. Mikanda nayo ni hivyo hivyo: NIOSH waliichunguza mwaka 1994 na hawakuona sababu ya kuipendekeza kwa wafanyakazi wasio na jeraha. Hofu yangu kwa mikanda ni kwamba kijana akishajifunga anajiona ana kinga, anathubutu gunia ambalo jana angelikataa. Iliyokwisha nunuliwa imenunuliwa. Anayeipenda avae, ila usimlazimishe mtu, na usiihesabu kuwa kinga.

Na vijana wenye nguvu zaidi? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bosi wako anaona gunia linapanda begani mwa kijana mwenye kifua kipana na kwake linaonekana jepesi. Misuli hukua kwa mazoezi. Diski haina mishipa yake ya damu ya maana, inalishwa polepole, inachoka polepole na inapona polepole kuliko misuli. Kwa hiyo kijana mwenye nguvu huweza kuuzidi uwezo wa diski zake kwa miaka kadhaa bila kuambiwa kitu na mwili, halafu siku moja anaokota kofia tu chini, anabaki pale pale ameinama. Ukimwondoa huyo ukaleta mwingine, umebadilisha mtu, kazi umeiacha kama ilivyo.

Basi tuibadilishe kazi, na hapa nataka tukae, maana ndipo penye dawa.

Kwanza uzito wa gunia. Kilo 100 ni kipimo cha biashara. Sheria ya vipimo imekiweka kuwa kikomo ili mkulima asipunjwe kwa lumbesa. Hakuna aliyekipima kwa mgongo wa binadamu. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mzigo wa mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Mifuko ya kilo 50 ipo, mbolea na saruji zinakuja humo kila siku, viazi navyo vinaweza. Mfuko wa kilo 50 ukiinuliwa na wawili, kila mmoja ana 25, na tumeikaribia ile 23. Gunia la 100 hata wakiwa wanne hawalimudu vizuri, kwa sababu wanne hawapati pa kulishika, wanakanyagana.

Najua pingamizi litakalokuja, na halitatoka kwa bosi, litatoka kwa vijana wenyewe. Wanalipwa kwa gunia. Ukileta mifuko ya 50 ukaacha malipo kwa idadi, ama utawapunja nusu, ama mwenye mali atalalamika analipa mara mbili. Lipa kwa kilo au kwa tani iliyopita mzanini, kabla hujaleta mfuko mmoja mpya, na mkae nao mkubaliane bei mezani. Nimeona mpango mzuri kabisa wa kupunguza uzito ukifa ndani ya wiki moja katika ghala fulani kwa sababu hakuna aliyegusa habari ya malipo. Na malipo ya kipande yana ubaya mwingine: yanamfanya mtu akimbie, asipumzike, afiche maumivu. Hata ukiyaacha yaendelee, panga mapumziko yawe sehemu ya zamu. Dakika tano baada ya kila gari zinausaidia mgongo kuliko saa nzima ya mchana baada ya magari manne mfululizo.

Pili urefu ambako gunia linaanzia na linakoishia. Kaa siku moja kwenye kiti pale mlangoni na daftari, uhesabu ni mara ngapi gunia linaokotwa kutoka sakafuni. Kila moja ya hizo ni mara ambayo diski ilibanwa vibaya kuliko wakati wote wa kutembea na mzigo. Kijana anayebebeshwa gunia begani na wenzake kutoka kwenye bodi la gari, akatembea amenyooka, akalitua juu ya rundo lililo usawa wa bega, ana nafuu kubwa kuliko yule anayeling'oa chini. Kwa hiyo sakafu iwe ya kutembelea tu. Panga magunia juu ya chaga za mbao, na chaga za kazi, zile ambako magunia yanapita siku ile ile, ziinue zifike usawa wa kiuno hivi. Fundi wa Mwanjelwa atakutengenezea kwa mbao za kawaida. Viazi navyo vitashukuru, maana hewa itapita chini.

Na tumia mlima! Sisi watu wa Mbeya tunalalamikia miteremko, lakini kwa mpakiaji mteremko ni zawadi. Ghala lililojengwa ukingoni, gari likarudi nyuma upande wa chini, sakafu ya ghala inakutana na bodi la gari. Hakuna kupanda, hakuna kurusha juu. Kama ghala lenu limesimama tambarare, chimbeni njia ya gari iingie chini kidogo, au mjenge jukwaa la kupakilia la matofali lenye urefu wa bodi la lori la Fuso, maana magari mengi yanayobeba viazi kwenda Dar es Salaam yanakaribiana urefu. Pengo dogo linalobaki lizibwe kwa bamba la chuma lililokaa imara. Ubao wa kupandia unaocheza, hasa miezi ya mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili wakati kila kiatu kina tope, ndio unaovunja watu. Ukilazimika kuutumia, uwe mpana, upigiliwe vipande vya mbao vya kuzuia kuteleza, na mwinuko wake uwe mdogo.

Sakafu ya ghala ikiwa sawa, toroli linaondoa karibu kubeba kote. Nasema ikiwa sawa, kwa sababu maghala mengi yana toroli lililotelekezwa kwenye kona, na ukiuliza unaonyeshwa shimo moja mlangoni lililolishinda. Ziba shimo. Nunua lenye magurudumu makubwa ya mpira. Lisukumwe, lisivutwe, kwa maana anayevuta anapinda mwili na kunyoosha bega nyuma. Na mpini uwe kati ya kiuno na kifua.

Tatu ni asubuhi, na hili wengi hawalijui. Mtu akilala, diski zinanyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi sote tu warefu kidogo kuliko jioni. Katika hali hiyo mgongo ukiinama, diski na kano zake zinavutwa kwa nguvu kubwa zaidi, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya kuliko zote. Sasa fikiria gari linaloingia saa 11 alfajiri, baridi ya Juni, kijana ametoka kitandani nusu saa iliyopita, anaanza na gunia la chini kabisa. Panga zamu ianze na kupima, kushona midomo ya magunia, kufagia kwa ufagio wa mpini mrefu, kutembea. Gari la kwanza lishushwe kuanzia juu. Haitakugharimu chochote.

Ukishayafanya hayo, basi fundisha. Mafunzo yatakuwa na pa kushika. Mzigo ukumbatiwe. Anayetaka kugeuka ageuze miguu, asizungushe kiuno huku miguu imeganda. Wawili wanaoinua pamoja wahesabu kwa sauti, na wawe wanalingana kimo, maana mrefu akiinua na mfupi, mfupi ndiye anayebeba. Gunia linaloponyoka liachwe lianguke, viazi vitaokotwa. Hili la mwisho lisemwe na bosi mwenyewe mbele ya wote, kwamba hakuna atakayekatwa pesa kwa gunia lililoanguka, la sivyo hakuna atakayeliachia.

Akina mama hukuwaulizia, umewataja tu, na nina wasiwasi kwamba hawajasema kwa sababu hawajaulizwa. Kuchambua viazi ukiwa umekaa chini au juu ya ndoo iliyofudikizwa, mgongo umepinda kama upinde kwa muda wa saa nane, kunaumiza kiuno na shingo bila kunyanyua hata kilo mbili. Magoti na nyonga navyo. Watengenezee meza yenye kingo, imeinama kidogo kuelekea kwao ili viazi vijitelemkie, kimo chake kikiwa usawa wa kiwiko au chini yake kidogo mtu akisimama. Kwa wafupi weka jukwaa la mbao la kusimamia. Meza ikatwe kwa kimo cha aliye mrefu. Debe la vibovu na la mbegu vikae mahali mkono unafika bila mwili kujinyoosha. Wawe na viti virefu vya kuegemea, wapokezane kukaa na kusimama. Mwenye mimba asibebe kabisa. Na wanaoshona magunia, muulize kila mmoja kama vidole vinakufa ganzi usiku: kushika sindano kwa nguvu na kukunja kifundo cha mkono maelfu ya mara kunabana mshipa wa fahamu unaopita pale.

Mantiki hii ya kubadilisha kazi badala ya mtu haikuanzia kwenye viazi. Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani kwa sababu ya migongo ya vibarua. Hawakuwafundisha vibarua kuinama, walirefusha mpini. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe wanapata nafuu mizigo ikitua mara kwa mara kwenye vituo vya karibu kuliko kujaza kapu mpaka pomoni. Wakata miti wa msitu wa Sao Hill wanaotumia misumeno ya injini wana adui mwingine, mtetemo, unaoweza kufanya vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi. Dawa yake ni msumeno unaotunzwa vizuri, mnyororo mkali, mikono yenye joto na kupokezana.

Kuhusu hao wawili wengine walioumia: wasilazwe kitandani. Maumivu mengi ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki chache, na mtu anayeendelea kutembea na kufanya shughuli nyepesi hupona mapema kuliko aliyelala. Wape kazi ya mzani au ya kuandika kwa muda, kwa malipo yatakayowawezesha kuikubali, kisha warudi kwenye mizigo hatua kwa hatua. Kinachonitia uchungu ni ile desturi ya kuchoma sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa asubuhi na kurudi chini ya gunia mchana. Sindano inazima kengele, moto uko pale pale, na dawa hizo zikizoeleka zinachubua tumbo na kuumiza figo. Picha ya eksirei nayo isikutie hofu wala kukupa faraja kupita kiasi. Wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizochakaa kwenye picha.

Bosi akikuuliza kwa nini agharamie chaga na jukwaa, mweleze kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka asajili eneo la kazi, atathmini hatari zake na wafanyakazi wapimwe afya. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, na ukienda kuwaomba ushauri kabla ya ukaguzi, ni mazungumzo ya kujenga. Muulize pia kama amejisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, maana ndio unaolipia matibabu na fidia kwa jeraha la kazini. Taarifa ya huyo kijana iandikwe sasa: tarehe, saa, alikuwa akiinua nini, nani aliona. Baadaye kila mtu atakumbuka lake.

Kama pesa ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, nunua mbao za chaga za kiuno, uziweke pale gari linaposimamia. Zikishakaa, rudi kwenye kile kiti chako mlangoni na daftari lile lile, uhesabu upya magunia yanayotoka sakafuni, kisha uniandikie hesabu zote mbili.